Meza ya Alasiri

Ukimwalika Kanti harusini, usitegemee atauliza bibi harusi ni mtoto wa nani. Atauliza chakula kinatokea mlango gani, wazee wasio na meno wamewekewa nini, na nani kapewa kazi ya kulinda sufuria ya wali. Ndivyo alivyoumbwa. Pale Rayners Lane, enzi za duka lake la vitambaa karibu na stesheni, kila mwenye shughuli alikuwa akimfuata, Mhindu, Mwislamu, Singasinga. "Kanti bhai, tuna wageni mia tatu, tufanyeje?" Naye huweka mkasi chini, akaanza kupanga.

Basi mtu huyo huyo, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, nusura aangushwe na meza ya watu kumi na mmoja. Tena si ya harusi. Ni chakula cha mchana tu, ndani ya bustani ya michezo, wiki ya Krismasi.

Bustani yenyewe inaitwa Larkmead, iko ukingoni kabisa mwa London. Ina mabembea ya umeme, ina vigari vinavyopanda juu angani vikaporomoka huku watu wakipiga mayowe, na mayowe hayo wameyalipia. Majira ya baridi hufungwa, ila wiki ya Krismasi hufunguliwa, kila mti ukavishwa taa. Na London nzima, iliyokaa ndani siku mbili na jamaa zake mpaka wakachokana, humiminika huko siku moja.

Sasa Kanti, mzee wa miaka hamsini na tisa asiyependa baridi wala mayowe, alikuwa akifuata nini huko? Alikuwa akifuata mtoko wa Lila.

Lila ni marehemu mkewe. Lakini habari za Lila hazisimuliki bila ya kumtaja Himid. Kanti na Himid wamekulia mlango kwa mlango, Mkunazini, Unguja. Baba yake Kanti akiuza vitambaa, baba yake Himid seremala, na watoto wao wawili wakilala nyumba yoyote ile usingizi ulipowakutia. Yalipokuja Mapinduzi kila mmoja akatupwa upande wake. Kanti akafika London na wazazi wake kupitia Mombasa, Himid akazunguka na meli miaka mingi, na hakuna aliyejua kama mwenzake yu hai.

Jioni moja Kanti anatoka stesheni ya Rayners Lane, ananyoosha tiketi kwa mkusanyaji bila ya kumtazama usoni, kama wafanyavyo watu wa mji ule. Akasikia: "Wewe mtoto wa Mkunazini, hata salamu hakuna?" Mwavuli ukamdondoka. Alikuwa Himid, ndani ya sare ya reli, anacheka mpaka jino la mwisho. Watu nyuma wanapiga kelele wapite, na wale wawili wamekumbatiana wameziba mlango.

Tangu siku ile nyumba mbili zikawa moja, ijapokuwa Himid na mkewe, Bi Mwanaidi, walikaa Barking, upande wa pili kabisa wa mji. Na aliyezishona nyumba hizo ni Lila. Ni Lila aliyesema familia zote mbili ziwe zinatoka pamoja wiki ya Krismasi. "Sikukuu hii si yetu wala si yao," alisema, "kwa hivyo hakuna atakayegombana juu yake." Na ni Lila aliyekuwa akipika bajia za dengu kila ikiingia Ramadhani, akazijaza kwenye sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, akamtwika Kanti avuke nayo London nzima kwa treni mpaka Barking. Bi Mwanaidi hakuwahi kuirudisha sahani ile tupu hata mara moja. Ilikuwa ikirudi na kaimati, au vileja visivyo na mayai, maana kina Kanti hawali mayai wala nyama.

Lila alifariki. Mwaka ule ule, ilipofika Krismasi, wakaenda Larkmead bila yake. Loo, aibu gani ile! Hakuna aliyekumbuka kwamba Lila ndiye aliyekuwa akipiga simu mapema kushika meza. Mkahawa mkubwa umejaa, mlangoni foleni imezunguka mpaka kwenye vyoo. Watoto wanalia njaa. Himid akapanga foleni ya chipsi, akarudi nazo kifua mbele, ndipo ilipobainika kwamba zimekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Ng'ombe, kwa Kanti! Na ng'ombe mwenyewe, kwa Himid, hajulikani kachinjwa vipi. Mkwewe Kanti, Vinod, akawapeleka watoto wakale biskuti garini, na Bi Mwanaidi akala chungwa moja amekaa juu ya jiwe, akisema hana njaa hata kidogo.

Njiani kurudi, Vasanti, binti yake Kanti, alisema huku akiangalia barabara, "Baba, ikiwa ndiyo hivi, mwakani kila mtu akae kwake." Vasanti si mtu wa maneno mengi, na akisema kitu amesema.

Maneno yale yalimchoma Kanti. Aliogopa, na sioni haya kumsemea, aliogopa sana. Mtoko ule ndio kitu cha mkewe kilichobaki kikitembea. Kanti alifanya kazi ya vitambaa maisha yake yote. Akijua uzi ukishaachia mahali pamoja, mshono wote huwa uko njiani. Watoto wakubwa wana kazi zao, wajukuu wanasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mwaka mmoja kila mtu akae kwake, na wa pili nani atamkumbuka nani?

Basi akajifunga kibwebwe. Mwezi wa kumi haujaisha, keshapiga simu Larkmead. Bibi wa mapokezi akamwambia ni mapema mno. Kanti akasema yeye hapendi kuchelewa. Akaandikwa: tarehe ishirini na nane Disemba, saa saba mchana, watu kumi na mmoja. Meza hushikwa robo saa tu. Ukichelewa wanapewa wengine.

Unadhani alitulia? Nani, Kanti? Mwezi uliofuata akafunga safari mwenyewe kwenda kuukagua mkahawa, bustani imefungwa, mvua inanyesha. Akazunguka nyuma akagonga mlango wa jikoni, akafunguliwa na mpishi mkuu, Mwingereza mnene wa mashavu mekundu, mkononi ana mwiko. Kanti akataka kujua mafuta ya chipsi ni ya nini. Ya mimea, mpishi akasema. Kanti akaomba ayaone. Akaoneshwa. Akauliza kama samaki hukaangwa pamoja na kitu kingine. Hapana. Na bata mzinga atapita karibu na meza yake? Mpishi akamtazama, akamwambia, bwana, ni Krismasi, bata mzinga atapita kila mahali, lakini kwenye meza yako hatatua. Wakapeana mikono. Kanti akarudi nyumbani ameloa chapachapa na roho nyeupe.

Nyumbani akapanga watu juu ya meza, vijiko kwa familia ya Himid, uma kwa ya kwake. Akawachanganya makusudi, kijiko uma, kijiko uma, wasije wakakaa makundi mawili. Hapo ndipo alipompigia simu Himid.

"Meza ninayo!" alisema. "Jumatatu ya baada ya Krismasi, saa saba mchana. Samaki wako nimekwisha kumwagiza, na wa Bi Mwanaidi."



"Saa saba mchana," Himid alisema.

"Barabara! Safari hii hakuna kukaa juu ya mawe."

"Inshallah, bwana. Tutakuja."

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Hii simu tu," Himid alisema. "Mungu akuweke, Kanti. Tutakuja sote."

Kanti akakata simu, akajipongeza kwa kikombe cha chai ya tangawizi.

Wiki ya pili ya Disemba alikwenda dukani kwa Mahmood, mtu wa Mombasa anayeuza vyakula pale pale Rayners Lane, kununua bizari. Mlangoni akakuta katoni zimepangwa kufikia kifuani. Tende.

"Mahmood, umehamia kwenye tende siku hizi?"

"Si mfungo huu unakuja," Mahmood alisema, anabandua katoni. "Mwaka huu umeangukia Krismasi yenyewe. Mambo mepesi, mzee wangu! Jua linazama saa kumi kasoro. Unafunga, ukigeuka hivi umeshafuturu."

Kanti alisimama na pakiti ya bizari mkononi. Saa saba mchana! Amemwalika Himid, na mkewe, na mwanawe, samaki amemwagiza, saa saba ya mchana wa Ramadhani!

Mtu mwingine angesema, ah, bahati mbaya, Mhindi atajuaje? Lakini huyu ni Mhindi wa Mkunazini. Amekulia mahali ambapo mwezi ule mchana mji mzima ulikuwa haukuoneshi hata mtu anayetafuna kijiti. Mama yake, aliyekuwa na mifungo yake mwenyewe ya kutosha, alikuwa akishusha pazia la jikoni Ramadhani nzima, na mtoto akitoka nje na andazi hupigwa kofi la mkono. "Jirani amefunga," alikuwa akisema, "nawe unampitia mbele unatafuna? Umelelewa wapi?" Na sasa Kanti, na mvi zake zote, amempangia jirani yule yule akae mezani atazame watu wanavyotafuna.

Alijua vilevile amekosea wapi. Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Miaka yote ya mtoko wao ilikuwa haijawahi kukutana na Krismasi. Lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba mwenye kuutazama mwezi, nyumbani kwake, alikuwa Lila. Na hapo likamjia jingine: Ramadhani iliyopita, ya kwanza tangu Lila aondoke, hakuna bajia zilizokwenda Barking. Hakukumbuka hata kidogo. Na Himid hakusema kitu.

"Mzee, vipi?" Mahmood aliuliza. "Unaumwa?"

"Saa kumi kasoro, umesema?"

"Kasoro dakika kidogo. Kwani unataka kusilimu?"

Kanti hakucheka. Alikwenda nyumbani karibu mbio, bizari hakulipa, Mahmood anamwangalia tu kwa mshangao.

Bibi wa simu wa Larkmead alikuwa mpole. Mchana kumejaa, alisema. Usiku kumejaa. Kesho yake kumejaa, keshokutwa kumejaa. Kuna pengo moja tu, kuanzia saa tisa na nusu, lakini hilo halitaki mtu: kwa chakula cha mchana umechelewa, kwa cha usiku mapema, na kabla ya saa kumi huanza kupita gwaride la taa, watu wote huwa barabarani. Wakati ule, alisema, huwa tunapiga deki.

"Nipe hilo," Kanti alisema.

"Una hakika, bwana? Mkahawa utakuwa mtupu."

"Mama, nipe hilo hilo!"

Kazi ikabaki kwa Vasanti. Alikuja Jumapili na kikapu cha matunda, akasikia alasiri, akaweka kikapu chini. "Baba, watoto wakae na njaa mpaka saa kumi? Na gwaride je? Mwaka mzima wanaulizia gwaride."

Kanti akamwambia. Hakuzunguka, alimwambia kama lilivyo, na la bajia akalitia. Vasanti akakaa kitako. Akachukua chungwa akaligeuzageuza.

"Hata mimi sikukumbuka," alisema. "Mama angekumbuka."

"Mama yako hayupo. Tupo sisi."

Vasanti akapumua. "Basi watoto watakula mikate garini kabla hatujakutana nao. Ndani ya bustani mtu asitafune hata peremende. Nitamwambia na Vinod, maana yeye kinywa chake hakina likizo."

Himid hakuambiwa kitu. Kanti alitaka iwe hivyo. Kumwambia kungekuwa kumlazimisha aseme "ah, msijisumbue," na Kanti alikuwa hataki kuisikia "msijisumbue" ile.

Siku ikafika. Baridi ya kukata masikio, na watu, watu, watu! Familia mbili zikakutana langoni. Himid amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi; Bi Mwanaidi ana makoti mawili na mkoba mkubwa ambao hakumwachia mtu amshikie. Mwanawe Abdulsamad na mkewe na watoto wawili. Wakakumbatiana, wajukuu wakapotelea kwenye mabembea.

Saa saba ikafika, ikapita. Mbele ya mkahawa foleni imezunguka kule kule kwenye vyoo. Kanti akapita na watu wake kama haoni. Himid akamvuta mkono wa koti.

"Kanti, saa yako imepita. Watu wako wana njaa. Ingieni, bwana, msinitazame mimi. Mimi nitakaa nishike makoti, tutapiga soga, kwani kuna nini?"

"Nani anakutazama wewe? Uzuri gani ulio nao?"

"Meza watawapa wengine!"

"Meza yetu ya alasiri," Kanti alisema. "Twende tukawatazame watoto wanavyopigishwa mayowe."

Himid akamtazama. Akaivuta kofia yake chini zaidi, akamfuata.

Sasa sikiliza balaa. Kanti alipanga kila kitu, ila kitu kimoja hakukijua: lile gwaride linaloacha mkahawa mtupu, ndilo linaloifunga barabara ya kwendea mkahawani. Saa tisa na nusu inagonga, watu kumi na mmoja wako upande huu, mkahawa uko upande ule, katikati kamba nene na umati mabega kwa mabega. Mlinzi wa kamba akatikisa kichwa: mpaka gwaride lipite. Litapita lini? Hata saa kumi na nusu.

Robo saa tu. Halafu meza inapewa wengine. Kanti akamwona Vasanti anamtazama kwa jicho lile la mwaka jana, na Bi Mwanaidi anatafuta jiwe kwa macho.

"Basi tena, shemeji," Bi Mwanaidi alisema kwa upole. "Umejitahidi. Mie tende ninazo mkobani."

Jiwe! Tende juu ya jiwe! Hapo Kanti akakumbuka mvua, na mlango, na Mwingereza mwenye mwiko.

"Nifuateni," alisema. "Shikaneni mikono. Asipotee mtu!"

Akawatoa kwenye umati, akawazungusha nyuma ya jukwaa la farasi wa mbao, nyuma ya mapipa ya taka, kwenye kichochoro cha magari ya mizigo kinachopita chini ya daraja la barabara ile ya gwaride, mpaka mlango wa jikoni. Akagonga kwa ngumi zote mbili. Ukafunguliwa, mvuke ukatoka, na ndani yake mashavu mekundu.

Mpishi akamtazama. Kisha akageuka akawapigia kelele wenzake, "Bwana wa mafuta kaja!"

Wakapita jikoni wote kumi na mmoja, mstari mmoja, katikati ya masufuria, kama abiria wanaoshushwa meli. Vinod akinusa kila chungu, Bi Mwanaidi akiwasalimu wapishi mmoja mmoja na kuwapa pole ya kazi kwa Kiswahili, nao wakiitikia kwa vichwa. Wakatokea ukumbini. Mtupu! Kiti juu ya kiti, kijana anapiga deki, na katikati meza moja ndefu imetandikwa nguo nyeupe. Vasanti alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akakaa kwenye kiti cha kwanza huku machozi yanamtoka.

Wakakaa kama Kanti alivyopanga, kijiko uma, kijiko uma. Dirishani gwaride lilianza kupita, ila waliona mapande tu juu ya vichwa vya watu: sikio la dubu la taa, mnara, pembe za kulungu. Watoto wakapanda juu ya viti, na hakuna aliyewakataza. Vyakula vikaletwa vya moto, samaki, chipsi, mbaazi, pai ya mboga. Vikawekwa. Na hakuna aliyegusa.

Mhudumu akaja mara ya kwanza, akaondoka. Akaja mara ya pili, uso una wasiwasi. Akauliza kama chakula kina kasoro.

"Hakina," Kanti alisema. "Tunangoja."

"Mnangoja nani?"

Kanti akaelekeza kidole dirishani. Nje, nyuma ya miti ya taa, mbingu ilikuwa inapoteza wekundu wake.

Himid ndipo alipofahamu. Au alikuwa ameshafahamu tangu mlangoni, hajui mtu. Alivua kofia, akaiweka pajani. Akamtazama Kanti, midomo yake iliyokauka, bilauri yake ya maji iliyojaa mpaka juu.

"Wewe umekula nini leo?"

"Sikupata nafasi. Mambo mengi."

"Muongo! Umefunga."

"Nimechelewa kula tu."

"Wallahi umefunga," Himid alisema. "Na udogoni ulikuwa hufiki saa nne asubuhi. Nakukuta uvunguni mwa kitanda una andazi, eti unatafuta kiatu."

"Nilikuwa nakitafuta kweli."

"Kwa meno?"

Meza nzima ikaangua kicheko, hata wajukuu, waliodai kila siku kwamba Kiswahili hawakisikii vizuri. Himid akatazama saa yake. Akainua mkono, wote wakanyamaza. "Bismillahi," alisema, "wakati umeingia." Abdulsamad akachukua maji. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa amepakata mkoba wake, anakifungua kitu kilichofungwa kwa kanga.

Ilikuwa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Imejaa kaimati.

Mhudumu akatazama kibao ukutani kinachokataza chakula cha kutoka nje, akamtazama Bi Mwanaidi, akaona afadhali akaangalie gwaride.

"Shemeji," Bi Mwanaidi alisema, "hii ninayo tangu Ramadhani ile. Lila aliniletea bajia, nikasema nitairudisha na kaimati, na mara akaugua. Baadaye sikujua nifanyeje. Kuirudisha tupu siwezi. Nikisema niijaze, najiuliza, nampelekea nani? Nani wa kuipokea?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Jana Himid akaniambia, Kanti katupangia meza mchana wa Ramadhani, masikini hajui. Nikasema, hata kama hajui, katuita. Nitakwenda nayo."

Kanti alilia. Hakusingizia baridi, hakujikuna jicho. Alilia mbele ya binti yake na mkwewe na wajukuu wake, akanyoosha mikono yote miwili kuvuka meza.

"Mpokeaji nipo, shemeji," alisema.

Akachukua kaimati moja, ya baridi, shira imeganda, akaitia kinywani. Halafu akaipitisha sahani kwa Himid, Himid kwa Vasanti, ikazunguka meza yote. Baada ya hapo, ndugu yangu, walikula! Samaki wakaisha, chipsi zikaagizwa mara ya pili, na mpishi mwenyewe akatoka jikoni kuwatazama.

Walipokuwa wanavaa makoti, Vasanti akamwambia babake, "Mwakani Ramadhani itaangukia wiki hii hii, nimeuliza. Piga simu mapema, uwaambie alasiri tena. Na uwaambie mlango wa jikoni wauache wazi."

"Mwakani si kila mtu kwake?"

"Nani alisema?" Vasanti alijibu, akamfunga babake skafu shingoni.

Kesho yake asubuhi Kanti aliiosha sahani, akaifuta, akaiweka mezani. Akaenda kwa Mahmood kulipa bizari yake na kununua kilo moja ya dengu, akarudi, akazimwaga kwenye bakuli, akazitazama. Maisha yake yote alikuwa amewapangia watu mamia vyakula, na hakuwahi kukaanga bajia hata moja. Akanyanyua simu.

"Vasanti, dengu hurowekwa muda gani?"

"Dengu za nini, Baba?"

"Nna safari ya Barking," Kanti alisema, "na sahani yenyewe hii hapa, tupu."